Jina la Msichana wa Pili

Watu wa Nyeri hawaogopi kifo kama wanavyoogopa programu mbaya ya mazishi. Picha ya marehemu ikitoka nyeusi, jina la mkwe likisahaulika, mjukuu aliye Amerika akiandikwa chini ya yule aliye Kiganjo, wee! Maneno yatasemwa mpaka mwaka ugeuke. Ndiyo sababu Mwalimu Njoki, Jumatatu ile asubuhi, aliingia duka la kupiga chapa la Mama Yash akiwa ameshika wasifu wa baba yake kwa mikono miwili.

Baba yake, Mzee Mugo, alikuwa amefariki Alhamisi iliyotangulia nyumbani kwake Gakindu, akiwa na miaka themanini na mmoja. Maziko yalikuwa Ijumaa. Kamati ilikuwa imeshagawana kazi. Anko Mwai, mdogo wa marehemu, angeshughulikia hema na kushika maikrofoni siku yenyewe. Lynn, mdogo wake Njoki, alipewa chakula. Na Njoki, kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wake unasomeka, akapewa wasifu auandike na kuupeleka Nyeri ukachapishwe.

Huyu Mama Yash jina lake hasa ni Champa, mama wa Kihindi wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Nyeri, anayevaa sweta nzito juu ya sari kwa sababu baridi ya Nyeri haijui dini. Mumewe Ashok alipofariki, wengi walidhani duka litafungwa. Thubutu! Mama alikalia kiti cha mumewe, akachukua kalamu nyekundu, na tangu siku hiyo hakuna programu inayotoka pale kabla hajaisoma neno kwa neno. Kikuyu chake kinawashinda wajukuu wa Wakikuyu wenyewe, na habari za nani kazaliwa na nani anazijua kuliko machifu.

Aliusoma wasifu wa Mzee Mugo polepole, midomo ikichezacheza. Alipofika katikati, kalamu ikasimama.

"Mwalimu, hii iko na shida."

"Wapi, mama?"

"Hapa. 'Mwaka wa 1971 alimwoa Anita.' Anita binti ya nani? Wa wapi? Mzee umemwandikia baba, mama, babu, mpaka mbari. Huyu mama yako alianguka kutoka mbinguni?"

Njoki alitazama sakafu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, aliyezoea kuuliza maswali, si kuulizwa. "Hatujui," alisema. "Hata yeye mwenyewe hajui."

Kisa cha Anita kilikuwa kifupi, na ufupi wake ndio uliokuwa uchungu. Mwaka wa 1953, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, malori yalikuwa yakiwarudisha Wakikuyu kutoka mashamba ya Bonde la Ufa, watu wamepakiwa pamoja na sufuria zao na mablanketi yao. Lori moja liliposimama Sagana, mtoto wa kike wa miaka kama minne, mwili ukimwaka homa, alishushwa akapelekwa zahanati. Alipopata fahamu, lori lilikuwa limeshaondoka. Masista wa misheni moja wakamchukua, wakambatiza Anita, na kwenye rejista wakaandika: Msichana. Miaka minne hivi. Sagana. Basi, hapo ndipo mwanzo na mwisho wa habari zake.

Alichobaki nacho kichwani ni vitu vichache tu. Kwamba nyumbani aliitwa Watiri. Kwamba alikuwa na dada mkubwa aitwaye Wamuyu, aliyemshika mkono ndani ya lori, na kaka aitwaye Kihara. Kwamba mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Na mama mwenyewe aliitwa nani? Mtoto wa miaka minne atajuaje jina la mama yake? Kwake mama ni mama.

Alipoposwa, mbuzi wa mahari walipelekwa kule misheni, na masista, kwa kutojua la kufanya nao, wakawafungia kwenye bustani ya maua. Mbuzi wakala maua yote. Watu wa Gakindu walikicheka kisa hicho miaka mingi, na Anita akicheka nao. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelicheka. Kwao, iwe ni arusi au maziko, mwenye maikrofoni huita, "Upande wa baba, simameni tuwaone," nao husimama. Kisha huita, "Upande wa mama, simameni tuwaone." Na upande wa Anita ulipoitwa, hakusimama mtu. Watu walikohoa, wakatazama viatu vyao. Mwishowe Anko Mwai, mtu wa roho nzuri, akazoea kuruka hapo kimyakimya ili shemeji yake asiaibike.

Halafu kulikuwa na majina. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, ndiyo maana Njoki akawa Njoki. Wa pili huitwa jina la mama yake mama. Anita alipojifungua msichana wa pili, muuguzi aliuliza, "Huyu anaitwa nani?" na Anita akaangua kilio. Muuguzi akamhurumia, akampa mtoto jina lake mwenyewe. Ndiye huyo Lynn.

Sasa, Jumapili mchana, wanawake walipokuwa wakichagua maharagwe ya wageni, Anita alikuwa amemvuta Njoki kando. "Kwenye hiyo karatasi msiniandike mtu wa Sagana," alisema. "Mimi si wa Sagana. Niliachwa Sagana. Kama hakuna la kuandika, niacheni. Lakini Ijumaa baba yako akishafunikwa, mimi nitabaki nikiwa mtu wa nani?" Swali hilo Njoki alitoka nalo Gakindu mpaka Nyeri.

Alimweleza Mama Yash yote hayo, kisha akamwambia alikotafuta. Si kwamba alikuwa amekaa bure! Rejista ya misheni aliisoma mpaka karani akamchoka. Vitabu vya koo na mbari alivisoma maktaba, vyote walivyokuwa navyo. Alikwenda ofisi ya ardhi, akakuta majina ya wanaume watupu. Matangazo ya vifo kwenye magazeti ya zamani aliyapitia mpaka macho yakatoa machozi. Na Sagana kwenyewe alikuwa amekwenda mara tano, akawahoji wazee wote waliokubali kununuliwa chai, na baadhi yao, Mungu awasamehe, walitunga habari ili waongezewe andazi.

"Na kwangu?" Mama Yash aliuliza.

"Kwako kuna nini, mama?"

"Ati kuna nini!" Mama Yash alisimama, akatoa funguo kwenye mfuko wa sweta. "Miaka yote hii unafundisha watoto, na hujui kitabu kubwa ya Nyeri iko wapi? Njoo."

Alimfungulia chumba cha nyuma. Njoki akasimama mlangoni. Kutoka sakafuni mpaka dari kulikuwa na rafu za chuma, na juu ya rafu mafaili manene yaliyoandikwa kwa mkono: Tetu, Othaya, Mukurweini, Karatina, Sagana, Kenol. Ndani ya mafaili, programu za mazishi. Kila programu iliyochapishwa na duka lile tangu mwaka wa 1976, nakala moja, imepigwa pasi kwa mkono na kulazwa mahali pake.

Ashok ndiye aliyeanza. Mwaka wa pili wa duka, mtu mmoja wa Othaya alirudi akilia. Nyumba yake ilikuwa imeungua, na programu ya mama yake, yenye picha pekee aliyowahi kupigwa, iliteketea. Ashok hakuwa na nakala. Aliumia moyo kiasi kwamba toka siku ile aliapa hakuna kazi itakayotoka bila moja kubaki. Mama Yash akaongeza yake. Nyuma ya kila nakala aliandika kwa penseli jina la aliyeleta kazi, anakokaa, na baadaye, simu zilipokuja, nambari yake. Kisha akaanza madaftari. Alikuwa na kumi na saba, na humo aliorodhesha majina ya wanawake, kila mwanamke na mama yake.

"Wanaume wako kila mahali," alisema akilipangusa vumbi daftari moja. "Wako kwa shamba, kwa kodi, kwa chama. Mwanamke, siku moja tu ndiyo wanaandika mama yake ni nani. Siku ya kuzikwa. Basi nikasema mimi nitaweka."

Ajabu ya Mungu! Vyuo vikuu vina maprofesa na viyoyozi, na hakuna hata kimoja kilichofikiria jambo hilo. Akalifikiria mama mmoja mwenye sweta, bila kuombwa na mtu, miaka karibu hamsini, na watu wakipita nje ya duka wakidhani ndani kuna karatasi tu. Akiba haiozi, husema watu, lakini wachache huweka akiba ya wenzao. Njoki alijisikia kutaka kumwamkia upya, kwa heshima kubwa zaidi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakainama wote wawili, mwalimu na sketi yake ya msiba, mama na magoti yake yanayolia. Walitafuta Wamuyu mwenye kaka aitwaye Kihara. Daftari lilitoa akina Wamuyu tisa. Wengine walikuwa vijana mno. Mmoja alikuwa na makaka sita, na hata mmoja si Kihara. Mwingine alikuwa mtoto wa pekee. Saa sita ikapita, wakala ndizi wakiwa wamesimama.

Kisha Njoki akafungua programu moja. Wamuyu, mkazi wa Tetu, alizaliwa 1945, akafariki 2011. Binti ya marehemu Gatimu na marehemu Nyawira, wa Kenol. Familia iliishi Bonde la Ufa hadi 1953. Ndugu zake: Kihara, Muthoni, Watiri.

Moyo ulimruka. Kihara! Akafunua ukurasa wa pili, na moyo huohuo ukashuka kama ndoo kisimani. Kwenye ratiba ya siku iliandikwa wazi: wasifu wa marehemu utasomwa na dada yake mdogo, Watiri. Yaani Watiri wa watu hawa alikuwepo, mzima wa afya, amesimama mbele ya kaburi anasoma. Hakupotea Sagana wala popote.

"Si wao," Njoki alisema, akaiweka kando. "Hawa Watiri wao wako naye."

Mama Yash aliinuka. Alienda kupika chai, akarudi na vikombe viwili vya tangawizi, akaketi juu ya katoni. Akaichukua ile programu iliyowekwa kando, akaisoma. Akaisoma tena. Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la sari.

"Mwalimu, tuhesabu wasichana wa hii boma."

Njoki alishtuka. Watoto wa watu hawahesabiwi, ni mkosi.

"Aya, aya, najua hamhesabu. Basi tuwasome tu vile wamefuatana. Wamuyu. Halafu kijana, Kihara. Halafu Muthoni. Halafu Watiri, ndiye kitinda mimba. Hii wamepanga vile walizaliwa, sindiyo?"

"Lazima. Nani hapa atakubali mdogo wake aandikwe mbele yake?"

"Sawa. Wamuyu ni jina ya nani?"

"Mama ya baba. Si ndiye msichana wa kwanza?"

"Na msichana wa pili hupewa ya nani?"

"Ya mama ya mama," Njoki alijibu, tayari akichoka. Alikuwa akifundishwa mila za kwao na Mhindi, na chai ilikuwa ya moto mno.

Mama Yash aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye faili la Kenol, mwaka wa 1994, bila hata kutazama daftari, akarudi na karatasi nyembamba iliyogeuka rangi. "Huyu ni Nyawira, mama yao. Wamuyu ndiye aliniletea hii kazi, alikuwa ameolewa hapa Tetu. Soma hapa."

Njoki akasoma kwa sauti. "Marehemu Nyawira alikuwa binti ya marehemu Watiri."

"Kwa hivyo nyanya alikuwa nani?"

"Watiri."

"Na soma hapa chini, dada ya bwanake."

"Muthoni."

"Sasa niambie wewe Mkikuyu," Mama Yash alisema, kidole kikigonga karatasi. "Mwanamume gani anaweza kuruka jina ya mama mkwe wake, apatie mtoto jina ya dada yake kwanza, halafu akumbuke mama mkwe mwisho kabisa, kwa kitinda mimba?"

Njoki aliitazama tena karatasi. Hakuna. Hakuna mwanamume wa hivyo kutoka Kenol mpaka mlimani. Mama mkwe angekuja na fimbo.

"Basi jina ilikuwa imeshapewa," Mama Yash alisema taratibu. "Kati ya Kihara na Muthoni kulikuwa na Watiri mwingine. Muthoni ndiye huyo mtoto alikuwa kwa mgongo. Halafu Watiri akaenda, wakajua amekufa. Na nyanya yuko hai, analia jina yake imepotea. Wakangoja msichana mwingine azaliwe, wakairudisha."

Njoki alikuwa ameisoma programu ile na kuiweka kando kwa sababu jina lilikuwepo. Na yeye ni Mkikuyu, mwalimu, msichana wa kwanza aliyepewa jina la nyanya yake! Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo husemwa, na mama yake hata jina lake alikuwa amekabidhiwa mwingine. Alihisi joto la aibu na joto la furaha yakipanda kwa pamoja, asijue lipi ni lipi. "Mama Yash," alisema, "wewe ni mtu wa namna gani?"

"Mtu wa kusoma," alijibu. "Geuza nyuma. Nambari iko."

Nyuma, kwa penseli: Ben, mtoto wa marehemu, na nambari ya simu. Miaka kumi na tatu imepita tangu iandikwe. Njoki akabonyeza bila tumaini. Ikalia mara moja, mara mbili.

"Haro? Ben hapa, duka ya hadiwea, Kenol."

Njoki alijieleza vibaya, akarudia, akajieleza vibaya zaidi. Ben akasema, "Ngoja. Auntie ako hapa," na simu ikapokewa na sauti ya mwanamke.

"Watiri ni mimi. Wewe ni nani?"

"Mama, unisamehe kwa nitakalouliza. Kabla yako, kulikuwa na Watiri mwingine?"

Nyuma ilisikika misumari ikimiminwa kwenye mizani.

"Nani amekuambia hiyo maneno?" sauti ikasema, imekuwa ngumu. "Hiyo maneno haisemangwi kwetu."

"Hakuna aliyeniambia. Nimesoma."

Kisha yule mama akaanza kusema, si kama anamjibu mtu, bali kama anajikumbusha. Kwamba askari wa kituo cha Sagana aliwaambia wazazi mtoto amekufa, wasisumbue. Kwamba mama yao, Nyawira, hakuruhusu jambo hilo litajwe, lakini kila gari lilipofika Sagana alikuwa anajifunika uso na shuka mpaka wavuke daraja, mwaka baada ya mwaka, mpaka alipokufa. Kwamba kitu kilichomla zaidi ni kuwa aliwahi kummwagia yule mtoto uji wa moto kwenye mguu wa kushoto, na hakupata nafasi ya kumlea mpaka kidonda kisahaulike.

Njoki aliujua mguu ule. Alikuwa ameuona maisha yake yote, kovu kutoka kwenye kifundo mpaka vidoleni, na mama yake akisema hajui lilitoka wapi.

"Hakufa," alisema. "Yuko Gakindu. Anachagua maharagwe."

Kishindo kikasikika. Halafu sauti ya Ben, kwa hasira na hofu: "Wewe mama, umemwambia auntie nini?"

Walipomaliza kuongea, na kulia, na kuambiana kwamba Muthoni alishafariki ila Kihara yu hai, na kupeana siku na mahali, Mama Yash alikuwa ameshaketi mezani na wasifu wa Mzee Mugo mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu kama kalamu. "Babu yangu alikuja na reli," alisema bila kuinua kichwa. "Jina yake najua. Ya mama yake, hakuna mtu aliandika, na wote waliojua wamekufa. Kwa hivyo hii yenu tuandike vizuri." Akaandika: Mwaka wa 1971 alimwoa Anita Watiri, binti ya marehemu Gatimu na marehemu Nyawira, wa Kenol.

Mchana uleule Njoki alimkuta mama yake kwenye benchi nje ya jikoni. Alikuwa amepanga hotuba nzima njiani, na yote ikamtoka. Akasema kila kitu kwa mpigo, mambo ya nyuma mbele, ya mbele nyuma. Anita alisikiliza bila kusogea. Aliposikia kwamba Wamuyu ameishi Tetu miaka arobaini, akiuza viazi soko la Nyeri kila Jumamosi, alifunga macho. Huenda alinunua viazi kwake, nani ajuaye? Wamuyu ndiye pekee ambaye angemkumbuka uso, na walikuwa wamemchelewa miaka kumi na tatu. Hilo lilimuuma Anita, akasema wazi kwamba linamuuma, akalia kidogo. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mama aliitwa nani?"

"Nyawira."

"Nyawira," Anita alisema. Akarudia, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Akageuka kuelekea jikoni, ambako binti yake wa pili alikuwa akisukuma kuni. "Lynn! Njoo hapa. Wewe unaitwa Nyawira."

Ijumaa mvua ilianza alfajiri. Hema zilijaa, watu wakabanana, na viti vitatu mbele vilivyowekewa karatasi ya UPANDE WA MAMA vikabaki vitupu. Saa nne, hakuna mtu. Saa tano, simu ya Ben haishikiki. Njoki aliketi mstari wa wafiwa, mkono mmoja umeshika wa Lynn, akitazama njia mpaka shingo ikauma. Kama wameghairi? Kama yule kaka mzee, Kihara, alikataa, akasema waliozikwa wamezikwa? Mama yake alikuwa ameketi wima katika leso yake nyeusi, programu magotini, imefunguliwa kwenye ukurasa wenye jina lake.

Anko Mwai akashika maikrofoni. Alimwaga sifa za kaka yake, akawachekesha watu kidogo, kisha akaita, "Upande wa baba, simameni tuwaone." Nusu ya hema ikasimama. Akawashukuru, wakaketi. Akatazama vile viti vitatu vitupu. Akamtazama shemeji yake. Na huruma yake ya miaka yote ikamshika palepale.

"Sasa tutamkaribisha mchungaji," alisema.

"Mwai."

Anita hakupaza sauti, lakini mstari wa mbele wote uligeuka.

"Umeruka upande wangu."

Mwai alimwinamia, akasahau kuzima maikrofoni, hivyo hata waliokuwa barabarani walisikia. "Shemeji, hawajafika. Sitaki nikuaibishe mbele za watu."

"Umenifichia aibu miaka hamsini, na Mungu akubariki kwa hiyo. Leo ita. Hata asiposimama mtu, wewe ita. Waite watu wa Nyawira."

Mwai akainua maikrofoni. "Upande wa mama," alisema. "Watu wa Nyawira wa Kenol. Kama mko hapa, simameni tuwaone."

Mvua ikapiga turubai. Watu, kwa mazoea, wakatazama viatu. Kisha nyuma kabisa, karibu na sufuria za chakula, ambako waliochelewa hubanana kwa haya, kukawa na msukosuko. Mzee mmoja alikuwa anainuka kwenye kreti la soda, tope limempanda mpaka magotini kwa kusukuma gari lililokwama, ameegemea bega la Ben, mwanamume mnene. Kando yake akasimama mwanamke wa miaka sitini na kitu. Wanawake wa mstari wa nyuma walimtazama, wakageuka kumtazama Anita, wakamtazama tena. "Ngai!" mmoja akasema. Ulikuwa uso uleule, paji lilelile na kidevu kilekile, umepunguzwa miaka tisa.

Anita akasimama. Lynn alitaka kumshika mkono, akauondoa kwa upole. Akaanza kutembea katikati ya viti, na watu wakavuta magoti yao kumpisha.

"Shemeji, wewe keti," Mwai alimwita. "Mfiwa hukaa mbele. Wanaosimama ni wale wa upande wako."

Anita hakugeuka mpaka alipofika nyuma. Alisimama kati ya Kihara na Watiri, akashika mkono wa huyu na mkono wa huyu, ndipo akawageukia watu.

"Najua," alisema. "Mimi ni mmoja wao."